Maradhi na Ujirani: Uchambuzi wa Hesabu za Maambukizi

Miongoni mwa maswali yaliyowashughulisha waganga na wanahisabati kwa muda wa karne mbili na zaidi, lipo moja ambalo kila mkulima, kila mfugaji na kila mzazi amepata kujiuliza kwa namna yake: maradhi yakishaingia nyumba moja yatafika wapi, yatafika lini, na ni kitu gani kitakachoyasimamisha? Jawabu la swali hilo limetafutwa kwa dua, kwa karantini, kwa moto na kwa dawa. Limetafutwa pia kwa kalamu na karatasi, na natija ya kazi hiyo ni elimu iliyokomaa kiasi cha kustahili kuelezwa hata kwa msomaji ambaye hakupata hisabati zaidi ya ile ya shule. Nakusudia kuipitia elimu hiyo kwa upande wake ambao kwa rai yangu ni mzito kuliko zote, nao ni upande wa ujirani, yaani namna hesabu inavyogeuka tunapokubali kwamba mgonjwa huwaambukiza wale wanaopakana naye, wala hana uwezo sawa wa kumwambukiza kila mtu popote alipo. Hoja nitakayoitetea ni kwamba mpangilio wa majirani una nguvu sawa na ukali wa maradhi yenyewe, na kwamba hesabu isiyojua nani anapakana na nani, hata ikiwa na ustadi wa namna gani, aghalabu hukosea.

Wa kwanza kuyapa maradhi sura ya mlinganyo alikuwa Daniel Bernoulli, wa ukoo mashuhuri wa wanahisabati wa Basel nchini Uswisi, ambaye mwaka 1760 aliwasilisha risala juu ya ndui mbele ya wanachuoni wa Paris. Zama hizo watu walikuwa wakibishana juu ya chanjo ya kale, ya kutia usaha wa ndui yenyewe katika ngozi ya mtu mwenye afya, jambo lililowaokoa wengi na kuwaua wachache. Bernoulli akaonyesha kwamba, hata hatari hiyo ikihesabiwa, kuchanja kila mtoto kungeongeza wastani wa umri wa kuishi kwa miaka ipatayo mitatu. Hesabu yake haikusema lolote juu ya nani anamwambukiza nani, lakini ilifungua mlango: tangu siku ile ilikuwa halali kuuliza kwa tarakimu jambo ambalo awali lilijadiliwa kwa hofu na matumaini tu.

Aliyeingia katika mlango huo kwa hatua ndefu zaidi ni Ronald Ross, daktari wa utumishi wa Kiingereza katika Bara Hindi, ambaye mwaka 1897 aliviona vimelea vya malaria ndani ya mwili wa mbu na mwaka 1902 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Ross hakuridhika na kugundua. Alitaka kujua mbu wapunguzwe kiasi gani ndipo malaria itoweke. Mwaka 1904, katika mkutano wa wataalamu uliofanyika St. Louis, Marekani, aliuliza swali la ujirani kwa uwazi kabisa: tukiyakausha madimbwi yote ndani ya mduara fulani kuuzunguka mji, mduara huo uwe na upana gani ili katikati yake pasifikiwe na mbu wanaotoka nje? Alitambua kwamba mbu anayeruka huku na huko bila mwelekeo hafiki mbali kwa kadiri ya urefu wa safari zake, kwa kuwa mruko mmoja hufuta kazi ya mwingine. Mwenye kuruka mara 100 hujikuta, kwa wastani, umbali wa miruko kama 10 tu kutoka alikozaliwa. Kutokana na fikira hiyo ilidhihirika kwamba si lazima kuua kila mbu wa dunia ili kuuokoa mji mmoja. Miaka michache baadaye, katika milinganyo aliyoitoa mwaka 1911, akathibitisha kwamba kipo kizingiti, na kwamba mbu wakishapungua chini ya kiasi hicho, malaria hufifia yenyewe ijapokuwa mbu wengine wamebaki hai.

Fikira ya kizingiti ilipata umbo lake kamili mwaka 1927 kwa kazi ya Waskoti wawili, William Kermack, mkemia aliyekuwa amepofuka kwa ajali ya maabara mwaka 1924, na Anderson McKendrick, daktari aliyewahi kutumika katika Bara Hindi. Hao waliwagawa watu mafungu matatu: wanaoweza kuambukizwa, walio wagonjwa, na waliokwisha kutoka katika hatari kwa kupona au kwa kufa, kisha wakaandika namna watu wanavyohama kutoka fungu moja kwenda jingine siku baada ya siku. Walipoilinganisha hesabu yao na vifo vya tauni vilivyoorodheshwa Bombay mwaka 1905 na 1906, mstari wa hesabu na mstari wa vifo ulikaribiana sana. Fundisho lao kubwa ni kwamba mlipuko haukomi kwa sababu watu wa kuambukizwa wamekwisha. Hukoma mapema zaidi, pale wanapopungua hata kila mgonjwa akashindwa kupata mrithi wa maradhi yake. Mgonjwa mmoja akiwa na uwezo wa kuwaambukiza wanne pale ambapo hakuna aliyekingwa, basi kuwakinga watatu katika kila wanne kunatosha kulinda jamii nzima. Kanuni hiyo ndiyo nguzo ya kampeni nyingi za chanjo tunazozijua.

Hata hivyo nguzo hiyo imesimama juu ya dhana moja isiyotajwa mara nyingi. Katika hesabu ya 1927 kila mgonjwa anaweza kukutana na kila mzima kwa bahati iliyo sawa, kana kwamba watu wote wa mji wamo ndani ya sufuria moja inayokorogwa bila kupumzika. Kwa surua ndani ya shule yenye watoto wengi dhana hiyo haiko mbali na hakika. Kwa mti uliopandwa mahali pake na usioondoka, kwa ng'ombe aliyefungiwa katika boma, au kwa kaya iliyo mwisho wa kijiji, iko mbali mno. Ni vema basi tuone, hatua kwa hatua, kosa linalotokana nayo lina ukubwa gani.

Tuchukue shamba la mikarafuu lililopandwa kwa safu zilizonyooka, kila mti ukiwa na miti jirani minne, mmoja kila upande. Tuseme maradhi yameingia mti mmoja, na kwamba kabla ya kufa kwake mti huo una bahati fulani, iliyo sawa kwa wote, ya kuuambukiza kila mti jirani. Bahati hiyo inapaswa kufikia kiasi gani ndipo maradhi yaweze kwenda bila kikomo? Mwenye kufuata hesabu ya machanganyiko, ile ya sufuria inayokorogwa, atajibu kwa haraka: majirani ni wanne, na kila mgonjwa anahitaji kuzalisha mgonjwa mmoja, kwa hiyo robo inatosha. Mwenye kutazama vizuri zaidi atapinga kwamba kila mti, isipokuwa ule wa kwanza, umeyapokea maradhi kutoka kwa jirani wake mmoja, na jirani huyo hawezi kuambukizwa tena. Waliobaki ni watatu, kwa hiyo kinachohitajiwa ni thuluthi. Naye wa tatu, mwenye subira kuliko hao wawili, atakumbusha kwamba katika safu za shamba majirani wa mti mmoja ni majirani wa miti mingine pia, hata miti miwili iliyokaa pembe kwa pembe inashirikiana majirani wawili, na maambukizi mengi yanapotea bure kwa kuangukia miti iliyokwisha kuugua. Hesabu ya huyu wa tatu ilianza kuchunguzwa mwaka 1957 na Waingereza Simon Broadbent na John Hammersley, waliokuwa wakitafiti namna kimiminika au hewa inavyopenya katika kitu chenye vitundu. Na ilipofika mwaka 1980 mwanahisabati Harry Kesten akathibitisha kwa burhani kamili kwamba jibu ni nusu.

Robo, thuluthi, nusu: maradhi ni yale yale, idadi ya majirani ni ile ile, ila kila tunapoupa ujirani haki yake kizingiti kinapanda, na mwisho wake ni mara mbili ya kile tulichodhani mwanzo. Maradhi yaliyofungwa ndani ya ujirani hujinyima riziki yenyewe, kwa sababu yanawamaliza wa karibu kabla hayajawafikia wa mbali. Hapo pana bishara njema kwa mwenye kupambana nayo. Ikiwa maambukizi hupita kwa jirani, basi kinga iliyowekwa kumzunguka mgonjwa ina faida kubwa kuliko kinga ile ile iliyotawanywa nchi nzima. Ndui iliondolewa duniani kwa busara hiyo: badala ya kutegemea kuchanja kila nafsi, watumishi wa afya walimtafuta kila mgonjwa, wakawachanja waliomzunguka na waliokutana nao, wakaufunga ugonjwa ndani ya pete. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alipatikana Marka, kwenye pwani ya Somalia, mwezi Oktoba 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha.

Ujirani haubadilishi kizingiti tu. Hubadilisha pia mwendo. Katika mji wa machanganyiko wagonjwa huzidi kwa kujirudufu, wawili wakawa wanne, wanne wakawa wanane, mpaka idadi inatisha. Katika ujirani wagonjwa hukaa ukingoni mwa duara, ilhali ndani yake wamebaki waliopona na waliokufa, nao ukingo huo hutambaa kwa mwendo usiobadilika sana. Kwa hiyo jumla ya waliopatwa hufuata mraba wa muda: muda ukiwa mara mbili, waliopatwa ni mara nne, na muda ukiwa mara tatu, ni mara tisa. Mwaka 1937 Ronald Fisher huko Uingereza, na Andrey Kolmogorov pamoja na wenzake wawili huko Moscow, kila upande bila kuujua mwingine, walipata kanuni ya mwendo wa wimbi la namna hiyo, wakianzia kwenye swali la kuenea kwa tabia za kurithi. Kanuni yao husema kwamba mwendo unafuata kipeuo cha pili cha zao la vitu viwili, yaani kasi ya kuzaliana na kiasi cha kutangatanga. Hivyo kuuongeza ukali wa maradhi mara nne hulifanya wimbi liende mara mbili tu.

Kanuni hiyo haikubaki kitabuni. Kichaa cha mbwa kilichowaenea mbweha wa Ulaya kilianzia upande wa Poland mnamo mwaka 1940, kikaelekea magharibi kwa mwendo wa kilomita 30 hadi 60 kila mwaka, kwa muda wa miongo kadhaa. Mwaka 1985 Anders Källén, P. Arcuri na James Murray walionyesha kwamba mwendo wa namna hiyo unaelezeka kwa milinganyo michache, kwa kuwa mbweha mzima hulinda himaya yake na asiiache, na yule mwenye kichaa ndiye anayepoteza fahamu ya mipaka na kuingia kwa jirani. Kuwapiga risasi mbweha hakukuleta nafuu iliyotarajiwa, maana himaya iliyoachwa wazi huvuta mbweha wengine kuijaza. Mwaka 1978 Waswisi walijaribu njia nyingine katika bonde la Rhône: walitupa porini vichwa vya kuku vyenye chanjo ndani yake, mbweha wakavila, na wimbi likakwama mbele ya ukanda wa wanyama waliokingwa. Mbweha aliyechanjwa hubaki katika himaya yake, akawa ukuta. Mbweha aliyeuawa huacha mlango wazi. Tofauti hii haionekani kabisa katika hesabu isiyotambua ujirani.

Lakini ingekuwa kosa kudhani kwamba kila maambukizi hutambaa. Mwanahisabati Denis Mollison, katika kazi yake mashuhuri ya mwaka 1977, alieleza kwamba wimbi la mwendo mmoja hupatikana pale tu ambapo safari ndefu za maambukizi ni nadra kupita kiasi. Zikiwa nadra kwa kiasi cha kawaida tu, maradhi huruka, huanzisha duara jipya mbali na la kwanza, na mwendo wake huzidi kadiri siku zinavyokwenda. Jirani wa kweli, kwa hesabu, ni yule anayefikiwa, naye aweza kuwa ng'ambo ya uzio au ng'ambo ya nchi.

Muhogo wa Afrika Mashariki unatupa shahidi wa mambo haya mawili kwa pamoja. Batobato la muhogo liliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika milima ya Usambara, na kituo cha utafiti cha Amani, juu ya milima hiyo hiyo, kilifanya tangu miaka ya 1930 kazi kubwa ya kuzalisha mbegu zenye kuhimili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aina kali zaidi ya ugonjwa huo ilizuka Uganda, ikasonga mbele mwaka hata mwaka kama ukingo wa duara tulioueleza, kilomita kama 20 au zaidi kwa mwaka, ikichukuliwa na inzi weupe kutoka shamba hadi shamba, hata ikaingia Kagera miaka ya mwisho ya 1990. Huo ndio utambaaji. Lakini muhogo hupandwa kwa pingili, na pingili yenye ugonjwa, ikifungwa mzigoni na kupakiwa katika basi kwa ajili ya shamba la ndugu aliye mbali, hupita kwa siku moja masafa ambayo inzi angeyamaliza kwa miaka. Anayepambana na inzi peke yake amefunga dirisha. Anayekagua pingili peke yake amefunga mlango. Hesabu iliyo sahihi hudai vyote viwili, na hueleza pia lipi lianze, kulingana na mahali ukingo ulipo.

Mtihani mkubwa wa elimu hii mbele ya macho ya umma ulitokea Uingereza mwaka 2001. Ugonjwa wa miguu na midomo ulithibitishwa huko Essex tarehe 20 Februari, na siku tatu baadaye usafirishaji wa mifugo ukapigwa marufuku. Lakini kabla ya siku hizo kondoo wenye ugonjwa walikuwa wamekwisha kupita katika minada ya Hexham na Longtown, kaskazini mwa nchi, na kusambazwa mashamba ya mbali. Minada ilipofungwa, miruko ilikatika, ukabaki utambaaji wa shamba kwa shamba. Makundi ya wataalamu wa hesabu yaliishauri serikali kwamba kuchinja wanyama wa shamba lililougua hakutoshi. Yapasa kuchinja ndani ya saa 24 walio katika shamba lenye ugonjwa, na ndani ya saa 48 walio katika mashamba yanayopakana nalo. Amri ikatolewa. Mgonjwa wa mwisho alipatikana mwishoni mwa Septemba, baada ya mashamba zaidi ya 2,000 kuugua na wanyama zaidi ya milioni 6 kuuawa, wengi wao wakiwa hawana ugonjwa.

Mjadala uliofuata haujatulia. Watetezi husema kwamba bila kuchinja majirani mlipuko ungeendelea muda mrefu zaidi na kuteketeza wanyama wengi zaidi. Wapinzani, wakiwamo waganga wa mifugo wenye uzoefu wa ugonjwa huo, husema kwamba idadi ya mashamba mapya yenye ugonjwa ilikwisha kufika kileleni kabla amri haijashika nguvu, na kwamba vielelezo vya hesabu vilichukua umbali baina ya mashamba kuwa ndiyo ujirani, bila kuzingatia sawasawa kwamba kondoo, nguruwe na ng'ombe hawatoi virusi kwa kiasi kimoja, wala kwamba mto, ukuta au shamba tupu kati ya mawili huvunja ujirani ambao ramani inauonyesha. Nikizipima hoja za pande zote mbili, naona kwamba watetezi walikuwa na haki kuhusu umuhimu wa haraka, kwa maana kila saa ya kuchelewa humpa jirani maradhi; na wapinzani walikuwa na haki kuhusu ujirani, kwa maana kupakana katika ramani si kupakana katika maambukizi. Kosa halikuwa kutumia hesabu. Kosa lilikuwa kuitumia kwa ujirani wa kukisia, pale ambapo mganga wa mifugo wa mahali pale angeweza kueleza ujirani ulio kweli.

Namna ya kurekebisha kosa hilo imeonekana nchini Tanzania. Katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro watafiti wa kichaa cha mbwa walifuatilia mbwa mmoja mmoja, kaya hadi kaya, wakiuliza nani aling'atwa, lini, na mbwa gani, mpaka wakaweza kuchora nasaba ya maambukizi. Kazi yao iliyochapishwa mwaka 2009 ilidhihirisha kwamba mbwa mwenye kichaa huwaambukiza mbwa wengine wachache mno, kwa wastani kidogo zaidi ya mmoja, na kwamba kuchanja mbwa 70 katika kila 100, mwaka hata mwaka, kunatosha kuukata mnyororo huo. Kisiwani Pemba, ambako bahari imeweka mpaka wa ujirani, ugonjwa ulikomeshwa mwaka 2014 kwa chanjo. Chanjo ilipolegea ukarudi mwaka 2016 kwa kuletwa kutoka nje. Kampeni zilipoanzishwa upya ukakomeshwa tena mwaka 2018. Habari hiyo fupi imebeba elimu yote tuliyoipitia: utambaaji ulikatwa kwa kinga, mruko ukaufufua, na kinga ikashinda kwa mara ya pili kwa sababu kila tukio lilifuatiliwa.

Basi hukumu yangu ni hii. Hesabu ya maambukizi ni mizani ya haki, lakini mizani haiwezi kupima kitu ambacho hakikuwekwa juu yake. Milinganyo inapatikana kwa kila mwenye kusoma, na kompyuta za kuikokotoa hazina tena bei ya kutisha. Kinachopungua katika nchi zetu ni daftari la kweli la maradhi ya watu, ya mifugo na ya mimea, lenye kuonyesha mahali, tarehe, na njia iliyopitiwa. Mganga wa zahanati anayeandika kijiji na kitongoji cha mgonjwa badala ya jina la wilaya tu, bwana shamba anayeandika pingili zilikotoka, na mfugaji anayetoa taarifa ya mnyama wake siku ile ile ya kuugua, hao ni washirika wa Ross na Kesten wala hawatumii elimu iliyo chini ya yao. Nawasihi wenye mamlaka ya afya na ya kilimo waitukuze kazi hiyo ya uandishi, waifadhili, na waiweke mikononi mwa vijana wetu wanaosomea hisabati. Kwa maana vizingiti vya maradhi yetu vitajulikana na wale wanaoujua ujirani wetu, na hakuna mwingine wa kutuhesabia.